Kutoka Kilimanjaro hadi Khumbu: namna ya kwenda kambi ya chini ya Everest kwa miguu

Ukiwa umewahi kufika Uhuru, utaidhania safari ya kambi ya chini ya Everest kuwa ndogo. Kambi ile iko mita 5,364 na Uhuru ni mita 5,895, kwa hiyo mtu wa Moshi au Arusha hushawishika kusema: mbona huko nimeshapita. Nami nilisema hivyo. Kosa la hesabu hiyo ni kwamba inapima mahali unapokanyaga, ilhali mwili unateswa au kuponywa na mahali unapolala. Kilimanjaro, kwa njia nyingi, usiku wa juu kabisa ni wa Barafu, mita 4,600 na ushee, au Kibo, mita 4,700 na ushee. Hata huo si usiku kamili. Unajilaza saa chache, unaamshwa, unapanda gizani, unapiga picha, na jioni uko Mweka au Horombo unapumua vizuri. Bonde la Khumbu, kaskazini mashariki mwa Nepal, linakulaza Lobuche kwenye mita 4,940, kisha Gorak Shep kwenye mita 5,164. Unakula huko, unatafuta usingizi huko, na kurudi Lukla, mji wenye uwanja wa ndege ambako safari ya miguu huanzia, ni siku tatu.

Mara ya kwanza nilikwenda Novemba nikaruka siku ya mapumziko katika kijiji cha Dingboche, kwa sababu nilijiona mzoefu. Nikaishia Lobuche nikitapika, kichwa kinagonga, na mwongozaji akanishusha siku hiyohiyo. Mara ya pili, Aprili, sikuruka siku hata moja, na nilifika nikiwa na nguvu za kusimama na kutazama. Ninayoyaandika hapa yametoka katika tofauti ya safari hizo mbili.

Hatua ya 1: Panga siku kabla ya kupanga pesa

Kutoka Lukla hadi kambini na kurudi ni kama kilomita 130. Kwa umbali peke yake, mwenye miguu mizuri angezimaliza kwa wiki. Kinachozuia ni hewa. Kambini shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la Mombasa au Dar es Salaam, na kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajua kujirekebisha: unapumua kwa kasi zaidi, figo zinabadili kemia ya damu ili kasi hiyo idumu, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Kazi hii inataka siku. Mazoezi ya uwanjani hayaifupishi, wala ujana hauifupishi. Nimeona vijana wenye vifua vya wanariadha wakishushwa, na wazee wa miaka 65 wakiwapita taratibu wakielekea juu.

Kanuni ya kufuata ni hii: ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usiwe juu ya usiku wa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa pili mahali palepale. Ukiifuata, safari inakuwa na siku 11 za njiani, na ya 12 ni ya ndege ya kurudi Kathmandu. Ongeza siku mbili za akiba kwa sababu ya hali ya hewa ya Lukla, siku mbili za Kathmandu mwanzoni, na safari za ndege kutoka nyumbani. Omba likizo ya siku 18. Ukiwa na siku 12 tu kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwako, nenda mlima mwingine mwaka huu.

Kuhusu msimu, kuna misimu miwili ya kweli. Oktoba na Novemba, mvua za masika ya huko zikiwa zimeosha vumbi angani, milima huonekana kama imekatwa kwa kisu, lakini usiku ni mkali. Machi hadi Mei kuna joto kidogo zaidi, misitu ya chini inachanua maua mekundu ya laliguras, ambayo ni ua la taifa la Nepal, na kambini utawakuta wapandaji wenyewe na mahema yao. Juni hadi Septemba ni mvua, ruba na mawingu. Desemba hadi Februari anga ni safi lakini baridi ni ya kuumiza, na baadhi ya loji za juu hufungwa. Kwa anayetoka ukanda wetu wa joto na anakwenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni Aprili. Utapoteza ung'avu kidogo wa anga, utapata usingizi.

Hatua ya 2: Fanya mazoezi ya kushuka, siyo ya kupanda tu

Anza miezi mitatu kabla. Tembea saa tano au sita Jumamosi na tena Jumapili, begi la kilo 7 mgongoni, maana kinachochosha Khumbu ni kuamka kesho yake na kuanza upya. Uluguru, Usambara, vilima vya Ngong, ngazi za ghorofa kama uko mjini: vyote vinafaa. Ukipata nafasi ya kupanda Meru au kufika Lenana kwenye mita 4,985, utajua mapema kichwa chako kinavyoipokea hewa nyembamba. Mazoezi ya kushuka wengi huyasahau, na magoti ndiyo yanayolalamika siku tatu za mwisho.

Kabla ya kulipa chochote, muone daktari. Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya Wazungu hailitaji sana na kwetu ni zito: seli mundu. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kwenda kwenye mwinuko huu kabisa. Anayebeba tu vinasaba vyake, yaani AS, mara nyingi haumwi chochote nyumbani, lakini hewa nyembamba inaweza kumletea madhara kwenye bandama. Kama hujui hali yako, pima. Kipimo chake ni cha damu tu.

Hatua ya 3: Karatasi, bima na fedha

Wenye pasipoti za nchi nyingi hupewa viza wanapotua Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Chukua ya siku 30. Ila Nepal ina orodha ya nchi ambazo raia wake lazima waombe viza kabla ya kusafiri, na baadhi ya nchi za Afrika zimo, kwa mfano Somalia na Ethiopia. Hakikisha kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Nepal kabla ya kukata tiketi. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam njia rahisi hupitia Doha au Dubai. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na picha nne za pasipoti.

Bima isomwe neno kwa neno. Bima nyingi za safari zinazouzwa kwetu hazigusi utembeaji wa milimani, au zinaishia mita 3,000 au 4,000. Unahitaji inayotaja mita 6,000 na uokoaji kwa helikopta. Jambo lingine la kujua: mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa udanganyifu ambamo watalii walisukumwa kupanda helikopta bila kuumwa sana, ili bima ilipe na watu wagawane. Helikopta huokoa maisha, na ukiihitaji ipande. Lakini kama unaumwa kichwa kidogo na mtu anakuharakishia helikopta badala ya kukushusha kwa miguu, uliza maswali na uwapigie wa bima mwenyewe.

Vibali ni viwili: ada ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, rupia 3,000 kwa mgeni, na ada ya halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, ambayo hulipwa Lukla. Ya hifadhi unaweza kuilipia kwenye lango la Monjo. Viwango hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo uwe na rupia za ziada. Kwa ujumla beba fedha taslimu za safari nzima kutoka Kathmandu. Namche, mji wa njiani, kuna mashine za kutolea pesa, lakini usizitegemee. Mimi nilitumia kati ya dola 35 na 45 kwa siku kwa chakula, chumba, maji na kuchaji simu, na kadiri unavyopanda ndivyo bei inavyopanda, kwa sababu kila mfuko wa mchele umefika kwa mgongo wa mtu au wa mnyama.

Hatua ya 4: Mwongozaji na mbeba mzigo

Tangu Aprili 2023 Nepal inataka mtalii wa kigeni awe na mwongozaji mwenye leseni kwenye njia za hifadhi zake. Halmashauri ya Khumbu imekuwa na msimamo wake, kwamba kwao si lazima. Mimi nasema mchukue, hata kama hukulazimishwa. Mwongozaji wangu ndiye aliyeona kwamba nayumba kabla mimi sijakubali kuwa nayumba.

Sisi tunaotoka chini ya Kilimanjaro tunawajua wagumu, wale wanaobeba mahema, majiko na mikoba ya wageni. Wengi wetu tuna ndugu aliyeifanya kazi hiyo. Basi Nepal usijifanye mgeni kwa jambo hili. Mzigo wa mbebaji wa watalii unaokubalika usizidi kilo 30, na huo ni mkubwa tayari, kwani kwetu mwisho ni kilo 20. Kubaliana mapema kuhusu ujira, chakula, mahali atakapolala, bima yake na nguo zake za baridi. Usimuulize wakala tu. Muulize mbebaji mwenyewe mbele yako. Njiani utawaona pia wabebaji wa biashara, wamefunga mkanda wa namlo kwenye paji la uso, kikapu cha doko mgongoni, na fimbo fupi ya tokma ambayo huiweka chini ya kikapu wakisimama kupumzika. Hubeba mbao, mabati, mitungi ya gesi. Wapishe.

Na neno "Sherpa" si jina la kazi. Ni kabila, watu wenye lugha na vijiji vyao, na wabebaji wengi siku hizi ni Warai, Watamang, Wamagar. Kumwita kila mbebaji Sherpa ni kama mgeni kumwita kila mbebaji wa Kilimanjaro Mchaga.

Heshima ya lugha haina gharama. Mwanamke mwenye loji mwite *didi*, dada mkubwa. Mwanamume aliyekuzidi umri mwite *dai*, na aliye mdogo kwako *bhai*. Utajikuta nyumbani kuliko unavyotarajia. Chai ni *chiya*, achari ni *achar*, dengu ni *dal*, chapati ni chapati. Na watakachokuambia siku nzima ni *bistarai, bistarai*, yaani pole pole.

Hatua ya 5: Mzigo

Ndege za Lukla huruhusu kilo 15 kwa jumla, na hiyo inakusaidia kupunguza tamaa ya mavazi. Buti zilizokwisha kuvaliwa miezi miwili. Jaketi zito la manyoya ya bata na mfuko wa kulalia wa nyuzi 15 chini ya sifuri, vyote vinakodishwa mtaa wa Thamel, Kathmandu, kwa bei nafuu. Suruali mbili, fulana za sufu, glavu, kofia. Miwani ya jua yenye giza la kutosha, kwa sababu theluji inachoma macho. Tochi ya kichwani. Fimbo mbili. Kitambaa cha kuziba pua na mdomo: vumbi la samadi na hewa kavu huleta kikohozi ambacho wenyeji wanakiita kikohozi cha Khumbu, na hicho kimewarudisha watu wengi. Simu na betri zako zilale ndani ya mfuko pamoja nawe, baridi inazimaliza.

Beba chupa mbili za lita moja na vidonge vya kusafishia maji. Tangu 2020 bonde hili limepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, na hata kabla ya hapo kununua chupa za maji huko juu kulikuwa ni kuacha takataka kwenye bonde lisilo na barabara ya kuziondolea.

Hatua ya 6: Kufika Lukla

Uwanja wa Tenzing-Hillary ulijengwa mwaka 1964 na uko kama mita 2,860. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, imeinama kwa karibu asilimia 12, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine shimo la bonde. Marubani hutua kwa macho, kwa hiyo wingu dogo linafunga uwanja. Ndege huruka asubuhi, kabla ya upepo wa mchana. Kwenye msimu wa watu wengi haziondokei Kathmandu bali Manthali, wilaya ya Ramechhap, na utaamshwa saa 7 usiku kwa safari ya gari ya saa nne au tano. Saa za Nepal, kwa taarifa yako, ziko mbele ya zetu kwa saa 2 na dakika 45.

Siwezi kukuficha kwamba usafiri wa anga wa Nepal una historia ya ajali, na tangu 2013 Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika ya nchi hiyo kuruka katika anga lake. Mwenye hofu, au mwenye muda, ana njia nyingine: gari hadi Salleri, siku nzima ya kutikiswa, kisha siku mbili au tatu za kutembea hadi kuungana na njia kuu. Ukitaka ya zamani zaidi, anzia Jiri, karibu wiki moja hadi Lukla. Mara ya pili nilipitia Salleri. Miguu ilichoka, lakini nilipofika Namche mwili ulikuwa umeshaanza kuzoea.

Hatua ya 7: Njia yenyewe, siku kwa siku

*Siku ya 1, Lukla hadi Phakding (mita 2,610).* Unatoka mjini kupitia lango la kumbukumbu ya Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, tarehe 22 Aprili 1993, aliyefariki akishuka. Halmashauri hii imebeba jina lake. Siku hii ni ya kushuka, saa tatu tu. Usiongeze mwendo.

*Siku ya 2, hadi Namche (mita 3,440).* Unavuka mto Dudh Koshi mara kadhaa kwa madaraja yanayoning'inia, unapita lango la hifadhi Monjo, kisha daraja la juu kabisa lililofungwa bendera za maombi. Baada yake kuna kupanda mita 600 bila kupumua. Hapa ndipo wenye haraka wanaharibikiwa. Katikati ya mpando huo, kama anga iko wazi, Everest inaonekana mara ya kwanza kati ya misonobari.

Kwenye madaraja na njia nyembamba utakutana na misafara ya punda na, juu zaidi, yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Simama upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Mnyama mwenye mzigo hajui upana wake, na watu wameshasukumwa.

*Siku ya 3, Namche.* Mapumziko maana yake si kulala. Panda hadi hoteli ya Everest View, mita 3,880, kisha Khumjung, ilipo shule ya kwanza iliyojengwa na Edmund Hillary, mwaka 1961, miaka minane baada ya yeye na Tenzing Norgay kufika kileleni tarehe 29 Mei 1953. Rudi ulale Namche. Panda juu, lala chini: hiyo ndiyo dawa. Ikiwa ni Jumamosi, kuna soko la wiki.

*Siku ya 4, hadi Tengboche (mita 3,860).* Njia ya asubuhi ni tambarare na nzuri kupita kiasi, Ama Dablam, mita 6,812, ikiwa mbele yako muda wote. Halafu inakushusha hadi mtoni na kukupandisha tena mita 600 msituni. Monasteri ya Tengboche iliangushwa na tetemeko la 1934, ikaungua 1989, na mara zote mbili ikajengwa upya. Ingia jioni, vua viatu, kaa kimya nyuma wakati watawa wanasoma.

Kuanzia mwanzo wa njia utakuwa umeona mawe yaliyochongwa maombi. Yapite ukiyaacha mkono wako wa kulia, kama mishale ya saa inavyozunguka, hata kama upande wa pili ni mfupi zaidi.

*Siku ya 5 na ya 6, Dingboche (mita 4,410).* Miti imekwisha. Kijiji ni kuta za mawe zinazozunguka mashamba ya viazi na shayiri. Hapa utalala usiku mara mbili, na usije ukafanya nilichofanya. Siku ya 6 panda kilima cha Nangkartshang nyuma ya kijiji hadi utakapoweza. Juu yake ni zaidi ya mita 5,000. Shuka, kunywa supu, lala.

*Siku ya 7, hadi Lobuche (mita 4,940).* Baada ya Thukla kuna mpando mkali, na juu yake uwanja wa minara ya mawe ya kuwakumbuka waliofia Everest. Mmoja ni wa Babu Chiri Sherpa, aliyekaa kileleni saa 21 bila oksijeni ya chupa mwaka 1999 na kufariki mlimani 2001. Watu huongea kwa sauti hadi wanapofika pale.

*Siku ya 8, Gorak Shep na kambi.* Acha mzigo Gorak Shep, kula, kisha saa tatu au nne kwenda kambini na kurudi, ukifuata ukingo wa mto wa barafu wa Khumbu. Ujue mapema: Everest yenyewe huioni ukiwa kambini. Mabega ya milima ya karibu yanaificha. Unachokiona ni maporomoko ya barafu ya Khumbu, na kwenye msimu wa Machi hadi Mei, mahema ya njano. Barafu chini yako inalia na kupasuka. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikaisikiliza, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko picha.

*Siku ya 9, Kala Patthar, mita 5,500 na ushee.* Hapa ndipo Everest inapoonekana, mita 8,848.86 kwa kipimo ambacho Nepal na China zilikitangaza Desemba 2020. Wengi huondoka saa 10 alfajiri, kwenye baridi ya nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Lakini jua huchomoza nyuma ya Everest, hivyo asubuhi unaiona kama kivuli. Rangi ya dhahabu huja jioni, jua likiigonga usoni. Ubaya wa jioni ni mawingu ya mchana na kushuka gizani. Nilikwenda alfajiri, na ningekwenda alfajiri tena, kwa sababu baada yake unashuka moja kwa moja hadi Pheriche na usiku huo unalala kama mtoto.

*Siku ya 10 na ya 11* ni kushuka, Namche kisha Lukla. Ni ndefu. Tumia fimbo, fupisha hatua. Namche utapewa nafasi ya kuchukua mfuko mdogo wa takataka, kilo moja, na kuufikisha Lukla. Uchukue.

Chakula njiani ni rahisi kukiamua: *dal bhat*, wali na dengu, mboga na viazi, na ukimaliza unaongezwa. Nyama iache kuanzia Namche. Wabudha wa Khumbu hawachinji bondeni mwao, na nyama unayoiona imebebwa siku kadhaa kutoka chini bila barafu. Kwa Muislamu hilo linarahisisha mambo, kwani mayai, viazi na dengu vinatosha safari nzima. Kibla kiko upande wa magharibi.

Hatua ya 8: Sikiliza mwili, na useme kweli

Kichwa kuuma kidogo jioni ni kawaida. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukataa chakula ni ugonjwa wa mwinuko, na amri yake ni moja: usipande. Kaa hapo hapo. Kesho ukiwa nafuu, endelea, ukizidiwa, shuka.

Hali mbili hazingoji kesho. Ya kwanza ni ya ubongo: mtu anayumba, anaongea ovyo, hawezi kutembea mstari ulionyooka kisigino kwa kidole. Ya pili ni ya mapafu: anahema akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Mshushe sasa, hata kama ni saa 8 usiku, angalau mita 500, vizuri zaidi 1,000, na asiachwe peke yake. Hali zote mbili huua ndani ya saa chache.

Dawa ya asetazolamidi, ambayo watu wa mlima wanaijua kama Diamox, husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kawaida cha kuzuia ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari. Itakufanya ukojoe mara nyingi na vidole vitafanya ganzi. Haifichi ugonjwa, wala haikupi ruhusa ya kuruka siku. Pombe na vidonge vya usingizi viache hadi utakaporudi Namche.

Pheriche kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, iliyoanza 1973, na msimu wa watalii madaktari wake hutoa mazungumzo ya bure mchana kuhusu mwinuko. Toka Dingboche siku ya mapumziko uende ukawasikilize. Ni kupita kilima kimoja tu.

Nilipougua Lobuche nilikuwa nimemficha mwongozaji kichwa changu kwa siku nzima. Nilikuwa nameza dawa za maumivu na kumwambia niko sawa, kwa sababu nilikuwa nimewaaga watu nyumbani na nimewaahidi picha. Kila asubuhi na jioni mwambie mwongozaji wako mambo manne: umelala vipi, umekula kiasi gani, umekojoa mara ngapi, kichwa kikoje. Jibu kama unavyomjibu daktari.

Hatua ya 9: Usiku wa mwisho Lukla

Fika Lukla mchana, thibitisha ndege ya kesho, na usiwe na ndege ya kimataifa ndani ya siku mbili zinazofuata. Jioni hiyo, kabla watu hawajatawanyika, keti na mwongozaji na mbebaji wako mle pamoja. Malipo ya ziada mpe kila mmoja mkononi mwake, asipitishiwe na mwingine. Glavu, soksi nzito, tochi, kama huvihitaji tena, waulize kama vitawafaa. Mbebaji wangu wa Aprili alizijaribu glavu palepale mezani, akafunga na kufumbua vidole mara kadhaa, akaziweka ndani ya koti. Kesho yake saa 12 asubuhi, ndege yangu ilipokuwa bado haijafika, alikuwa ameshapata mzigo mwingine na alikuwa anaelekea Phakding akiwa amezivaa.